Pudini Gani?

Leeds, Jumapili usiku

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya, goti limepoa, na kuku wa jirani wameacha kuparua mchicha wako. Mimi sijambo, hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu, kama tulivyofundishwa kuandika shuleni. Baridi tu ndiyo haina adabu. Ni Septemba, wenyewe wanatembea na fulana, nami nalala na soksi mbili mbili na khanga kichwani.

Mwanao hajambo. Amenenepa, ila usimwambie nimekuambia. Mkweo naye hajambo, na anakushukuru sana kwa ubuyu, ukwaju na ile chupa ya achari. Ubuyu ulikwisha siku ya pili. Achari nayo juzi nilimkuta anaila kwa kijiko, amesimama jikoni saa tano za usiku, taa imezimwa. Aliponiona akacheka, akaniambia nisimseme. Basi nakusemea wewe tu.

Uliniagiza nikuandikie Waingereza wanakula nini. Nimezunguka nao siku mbili hizi, na jibu nililolipata ni kwamba wanakula neno moja. Neno lenyewe ni pudding. Asubuhi wanalila, mchana wanalila, usiku wanauliza kama lipo. Na kila likija mezani linakuja na sura nyingine, kama jini wa hadithi za bibi.

Wewe pudini unaijua. Ni ile kastadi yako ya Idi, ya njano, kwenye vibakuli vya kioo, na vipande vya ndizi juu, inayokaa kwenye friji mpaka wageni wamalize biriani. Kitu laini, kitamu, cha mwisho. Maana hiyo ndiyo niliyoifunga sandukuni nikasafiri nayo, na ndiyo iliyonitia aibuni Jumamosi saa nne asubuhi mbele ya watu wasiopungua kumi na tano.

Ilikuwa hivi. Mwanao alitutoa kitandani alfajiri, eti twende tukaone soko la Bury. Bury ni mji mdogo kaskazini mwa Manchester. Kutoka hapa Leeds tulipanda treni mpaka Manchester, mwendo wa kama saa moja, halafu tukaingia tramu, ile treni ya mjini inayokatiza barabarani katikati ya magari bila kumwogopa mtu. Nauli ya treni, kwenda na kurudi, ilikuwa pauni ishirini na ushei kwa mtu mmoja. Usianze kuzidisha, Shangazi. Pauni moja inapita shilingi 3,000 za kwetu, nami nimejiwekea sharti kwamba sizidishi kabla ya kula, maana nikizidisha chakula hakishuki.

Soko lenyewe ungelipenda. Ukifumba macho, ukaiondoa baridi, uko Mgandini. Kuna wauza samaki wanaopiga kelele, kuna mtumba wa makoti, kuna bibi anayeuza vitambaa kwa yadi na mkasi umening'inia shingoni. Na watu wa huku kaskazini wana jambo moja ambalo bado sijalizoea: kila mtu wanamwita "love", yaani mpenzi. Babu mmoja aliyebaki na meno ya kuhesabu aliniita mpenzi mara nne wakati ananipimia tufaha. Nilimtazama mwanao, nikaona hata habari hana. Kumbe ndiyo salamu.

Njaa ilikuwa imenishika. Nikaona kibanda kinatoa mvuke, foleni ndefu, na juu maandishi makubwa: BLACK PUDDING. Nikajisemea, Mungu ni mwema, pudini ya chokoleti tena ya moto, na baridi yote hii! Nikaingia kwenye foleni nyuma ya bibi wawili wenye vikapu vya magurudumu. Nilipokaribia nikaziona zinaelea kwenye maji ya moto, nyeusi ti, zimejikunja duara, ncha zimefungwa pamoja kwa uzi. Nikasifu moyoni: watu hawa kwa mapambo!

Zamu yangu ikafika. Muuzaji, baba mnene mwenye aproni, akaniuliza kama naitaka yenye mafuta au isiyo na mafuta. Hapo palinipa shaka kidogo, lakini nikasema isiyo na mafuta, maana niko mbali na daktari wangu. Akauliza, haradali au siki? Shangazi, hapo nilisimama. Chokoleti na haradali? Nikafikiri huenda ndio ustaarabu wenyewe. Nikatoa pauni zangu. Yule baba akautazama ushungi wangu, akaitazama pudini, akaniuliza polepole, "Mpenzi, unajua hii imetengenezwa kwa nini?"

"Chokoleti," nikasema.

Foleni nzima ilicheka, si kwa ubaya. Mmoja wa wale bibi alinishika bega ili asianguke. Baba wa watu akanieleza kwa upole kama anayemfundisha mtoto: ni damu ya nguruwe, mafuta yake, nafaka ya shayiri na viungo, vyote vimeshindiliwa ndani ya utumbo vikachemshwa. Astaghfirullah ilinitoka kwa sauti hata njiwa wakaruka. Akakataa pesa yangu, akanyoosha kidole kibanda cha tatu, akasema pale nitapata kitu cha kunifaa.

Na mwanao alikuwa wapi wakati wote huo? Kwenye meza ya jibini, simu mkononi, ananirekodi. Alijua tangu mwanzo. Hiyo video akikutumia ifute. Mkweo ndiye angeniokoa, lakini harufu ya mafuta yale ilimshinda akatoka mbio na khanga puani, nikamkuta baadaye kwenye benchi karibu na wauza maua, uso umempauka.

Kibanda cha tatu kilikuwa na kunde zao, au niseme njegere kavu za rangi ya udongo, zimechemshwa mpaka zimelegea, zinapakuliwa kwenye kikombe cha karatasi na kumwagiwa siki. Wanaziita black peas. Pauni moja na nusu. Ukipiga kijiko cha kwanza unakumbuka mbaazi, cha pili unaililia nazi. Nilimaliza vikombe viwili.

Nikiwa nimekaa pale nilikumbuka Nairobi, ule mwaka niliosoma kule. Jioni vijana walikuwa wanazunguka jiko la mkaa mtaani, wanakula mutura: utumbo uliojazwa nyama na damu ukachomwa, unakatwa vipande kwenye ubao na kuliwa na kachumbari. Yule baba wa Bury na yule kijana wa Nairobi wangeelewana bila mkalimani.

Yule baba alituambia kioja kimoja nikadhani ananitania tena, lakini mkweo alikitafuta kwenye simu akakuta ni kweli. Jirani na Bury kuna mji unaitwa Ramsbottom. Kila Septemba watu hukusanyika pale kushindania ubingwa wa dunia wa kurusha black pudding. Juu ya jukwaa refu la futi 20 hupangwa rundo la pudini za Yorkshire, na mshindani anasimama chini anarusha zake nyeusi, mkono ukitokea chini, kuziangusha zile za juu. Pudini kwa pudini! Maana Bury iko upande wa Lancashire na majirani zao wa Yorkshire hawapikiki chungu kimoja nao. Ni kama watu wa Tanga na Pemba washindane kwa kurushiana vitumbua na mikate ya kumimina. Wewe ungelia, najua, kwa uharibifu wa nazi.

Mvua ikaanza, ile yao nyembamba isiyonyesha wala isiyoacha. Tukajificha kwenye duka kubwa la vyakula, na mkweo akataka maji ya limau yenye barafu. Barafu, Shangazi, katika baridi ile. Wakati anazitafuta chupa zake mimi nikakutana na rafu nzima ya pudini. Kulikuwa na pudini ya wali kwenye kopo, pauni moja na peni kidogo, ambayo ukiifungua ni firni yako iliyosahaulika hiliki. Kulikuwa na pudini ya nyama na figo, imezungushiwa unga na mafuta ya figo ya ng'ombe, inachemshwa kwa mvuke kwenye bakuli. Kulikuwa na pudini ya mkate na siagi. Na ingawa Desemba iko mbali, pudini za Krismasi zilishapangwa: nyeusi, nzito kama jiwe la mizani, zimejaa zabibu kavu. Mwanao anasema familia zinazopika wenyewe hukoroga kwa zamu, kila mtu ananuia lake moyoni, na wengine hutumbukiza sarafu ndani, atakayeikuta kwenye sahani yake ana bahati, kama hajavunjika jino. Halafu siku yenyewe wanaimwagia pombe kali wanaiwasha moto. Tukapita.

Palikuwa na kopo jingine, la pudini nyeupe yenye zabibu kavu kama madoa, ambalo jina lake lina neno ambalo mimi kwako siwezi kulitaja. Mkweo alilisoma kwa sauti mbele ya watoto, akacheka mpaka akashika rafu. Nasikia mwaka 2009 kantini ya halmashauri ya Flintshire, kule Wales, ilichoka na utani wa wateja ikaibadilisha jina kuwa Spotted Richard. Baadaye wakalirudisha la zamani. Usimwulize mtu barazani.

Na kwa kuwa niliona pudini zimenizidi, mwanao akaniambia kwamba huko Mickleton, upande wa kusini, kuna hoteli yenye Klabu ya Pudini tangu 1985. Watu wanalipa kiingilio, wanakaa, wanaletewa pudini 7 za jadi kwa mfuatano na kupiga kura ipi bora. Likumbuke hilo la klabu, nitalirudia.

Jioni kwenye treni mdogo wa wajukuu zako akamvuta mama yake nguo: "Mama, leo pudding ni nini?" Nikatega sikio. Mama yake akamjibu, "Ndizi." Yaani ndizi mbivu, na maganda yake. Nikauliza, ndizi nayo ni pudini? Wakanijibu wote kwa pamoja kwamba ukiila baada ya chakula, ndiyo. Nilimaliza safari nikitazama nje.

Leo Jumapili tulialikwa chakula cha mchana nyumba ya pili. Nyumba za huku zimeshikana ukuta kwa ukuta, hata jirani akipiga chafya unamwambia yarhamukallah. Mwenyeji ni bibi mmoja mjane, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mwembamba, mwenye miwani mbili: moja machoni, nyingine kichwani, na wakati wote anaitafuta ya tatu. Kwa heshima yetu nyama alikwenda kuinunua Harehills kwenye bucha la halali, na mafuta ya kuokea akaweka ya alizeti badala ya yale ya mnyama yaliyozoeleka. Mtu akikufanyia hivyo unakula hata ukishiba.

Nikamfuata jikoni nione. Leo ilikuwa pudini ya Yorkshire, ile inayolengwa kule Ramsbottom. Unga wa ngano, mayai, maziwa, chumvi. Rojo jepesi kama la mkate wa maji, akaliacha limetulia. Kisha akatoa trei yenye vishimo. Shangazi, kikaango chako cha vitumbua, ndugu yake huyu hapa! Tofauti ni kwamba hiki kinaingia kwenye oveni na mafuta yake mpaka yatoe moshi, ndipo rojo linamiminwa haraka, shaa, na mlango unafungwa. Na hapo jikoni pote panakuwa na amri moja: mlango usifunguliwe. Ukiufungua kabla ya wakati zinanywea na heshima ya nyumba inakwisha. Mjukuu wako alipitisha mkono karibu na kishikio, bibi akamwita jina lake lote, la kwanza mpaka la ukoo.

Zilipotoka zilikuwa zimefura kama mashavu ya mpiga zumari, dhahabu pembeni, shimo katikati. Bibi akazipima kwa macho akaridhika. Akaniambia mwaka 2008 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitoa tamko kwamba pudini ya Yorkshire isiyofika inchi 4 kwenda juu si pudini ya Yorkshire. Wanakemia, Shangazi! Wamewekwa kusomea sumu na dawa, wakaona kwanza wakate shauri la mandazi. Lakini nilipouma niliwaelewa. Nje inavunjika kama sambusa, ndani laini inanyonya rojo la nyama. Haina sukari hata chembe. Katika nyumba hii huliwa kwanza, peke yake na rojo, kabla ya nyama; bibi anasema zamani ilikuwa njia ya kuwashibisha watu ili nyama kidogo iwatosheleze wengi. Ujanja ule ule wa kutanguliza uji kabla ya futari kubwa.

Basi nikala ya kwanza, nikala ya pili, nikala nyama na viazi na karoti. Sahani zikaondolewa. Bibi akaniinamia kwa upole: "Na wewe, pudding utapenda?"

Nikashika tumbo kwa adabu. "Asante sana, nimeshakula mbili."

Akasema sawa, akaenda zake. Akarudi na kitu, Shangazi, ambacho harufu yake ilitangulia mlangoni. Keki laini nyeusi, inatoa mvuke, imemwagiwa rojo la sukari na siagi na malai, linateremka pembeni taratibu. Akampa mwanao, akampa mkweo, akawapa watoto, mimi akanipita. Nami nikakaa na mikono yangu mapajani kama mgeni wa msiba. Mwanao, unamjua, akala polepole makusudi, anafumba macho. Nilipowasikia watoto wanaulizana mbona shangazi yao amekataa pudding, ndipo nikafumbuka: huku chakula chochote cha mwisho ndio pudding, hata kama umekula pudding mwanzo. Nikaomba radhi. Bibi alicheka akaitoa ile miwani ya kichwani kufuta machozi, na ndiyo akaipata aliyokuwa anaitafuta.

Inaitwa sticky toffee pudding. Na unajua ndani mna nini? Tende! Tende zilizokatwakatwa na kulowekwa maji ya moto. Nimesafiri bahari na nchi kavu nikakutane na tende kwenye sahani ya mjane wa Leeds. Nakuletea namna ya kuipika, itakufaa Ramadhani.

Nikamwambia bibi yaliyonikuta Bury. Kwa kuwa ni mwalimu hakuweza kujizuia, akaenda rafuni akashusha kamusi nene kama tofali. Sitakuchosha na mambo ya kale, ila hili nililipenda. Neno pudding, wajuzi wengi wanasema, ni jamaa wa boudin la Kifaransa, soseji ya damu, na huko nyuma zaidi ni botellus la Kilatini, soseji ndogo. Botellus huyo huyo ndiye babu wa bowel, neno la Kiingereza la utumbo. Kwa hiyo yule baba wa Bury ndiye mwenye pudini ya asili, na hawa wenye tofi na tende ndio waliohamia! Wapishi walichoka kungoja mnyama achinjwe wapate utumbo, wakaanza kufunga michanganyiko yao kwenye kitambaa na kuchemsha. Ukaingia unga, zikaingia zabibu kavu, ikaingia sukari, utumbo ukatoka, jina likabaki. Baadaye hata kitambaa kikatoka. Tangu hapo kila kitamu cha mwisho kikajiita pudding, na wa Yorkshire naye akabaki na jina lake bila sukari, anayetaka amtake, asiyetaka amwache. Kastadi yako ya Idi, bibi anasema, inakaribiana zaidi na wanachokiita pudding Marekani. Nimeona nikwambie, usije ukashangaa.

Mimi nami sikukubali kunyamaza. Nikamwambia sisi tuna mkate. Kuna mkate wa kumimina, wa mchele na nazi, unatoka na mashimo ndani. Kuna mkate wa ufuta, kuna wa mofa, kuna mkate wa maji ulio mwembamba kama leso, kuna mkate wa mayai ulio keki, na kuna wa boflo wa dukani ambao ndio pekee yeye angeutambua. Akaandika yote pembeni mwa gazeti. Kisha akasema, "Kwa hiyo nikija Tanga nikaambiwa karibu mkate, niulize nini?"

"Mkate gani," nikamfundisha. Alilitamka vizuri kuliko wajukuu zako.

Nikamsaidia kuosha vyombo. Yeye anaosha, mimi nakausha. Nje, dirishani, mkweo alikuwa amekaa kwenye kiti cha bustani anakula tango kwa chumvi, watoto wanakimbia. Bibi akamtazama akatabasamu, akaniambia kwamba amefurahi mno kusikia yuko kwenye klabu ya pudini.

Nikaona haya si maneno mapya, nimeshayasikia dukani. "Ya kule Mickleton?" nikasema. "Nasikia wanaletewa 7 kwa usiku mmoja. Kiingilio chake ni pauni ngapi?"

Sahani ikamteleza ikarudi majini. Akanitazama, akaziba mdomo kwa mkono wenye povu. Kumbe Waingereza wakisema mwanamke yuko kwenye klabu ya pudini, Shangazi, hakuna hoteli wala kiingilio. Wanamaanisha mjamzito.

Nikamtazama mkweo pale bustanini. Ubuyu siku mbili. Achari kwa kijiko gizani. Barafu kwenye baridi. Harufu ya Bury. Nami miaka yote hii najiona mwerevu!

Nilimbana jioni akakiri. Miezi mitatu imetimia, anatarajia Machi, inshallah. Kila kitu kiko sawa, daktari ameridhika, ila kichefuchefu cha asubuhi ndicho kinamsumbua na anauliza kama unaweza kumtumia ubuyu mwingine, ule mkavu usio na rangi.

Kesho ni Jumatatu, siku ya soko Bakewell, kwenye milima ya Derbyshire. Nitapanda treni mpaka Sheffield halafu basi, nauli ya basi haizidi pauni 3. Huko nasikia wana pudini ambayo ni unga wa siagi chini, jamu katikati, mayai na lozi juu, na maduka yanagombana nani mwenye pishi la kweli. Safari hii nitauliza kabla ya kutoa pesa.

Barua hii ukimaliza kuisoma iweke chini ya godoro. Mwanao anataka kukupa habari mwenyewe, atakupigia Ijumaa baada ya sala. Nimemwapia kwamba sitasema neno. Kwa hiyo akipiga, Shangazi, nakuomba, shtuka.

Wasalaam,
mwanao niliye kwenye baridi